Sura ya Saba: Niweke Antivairasi Ipi?

Inspekta Evance Nyamhanga aliitazama kona ya chini ya kompyuta, akahesabu ngao mbili, akatabasamu. Wenzake wa kituo cha Musoma walikuwa wakisema kwamba afande huyu akitabasamu mbele ya kompyuta, kuna mtu mahali fulani atakosa usingizi. Yeye alikuwa akiyasikia maneno hayo, na yalikuwa yakimfurahisha kuliko inavyompasa ofisa wa polisi.

"Mwalimu, hapa una antivairasi mbili," alisema. "Nani alikushauri uweke mbili?"

"Mbili?" Mwalimu Nyangi Masatu alisogeza kiti. "Mimi ninayo moja, afande. Ile ananiwekeaga Gody wa steshenari."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano ya tarehe ishirini na tano Juni, sebuleni kwa Nyangi, mtaa wa Nyasho. Nyangi alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka kumi na saba na hajawahi kuandikiwa hata barua ya onyo. Alhamisi iliyopita alimaliza kutunga mtihani wa utahimilifu wa kidato cha nne wa mkoa mzima kwenye kompyuta hii. Kesho yake, siku tatu kabla ya mtihani, maswali yote kumi na manne yalikuwa kwenye simu za wanafunzi wa Bunda. Waliochunguza faili lililosambaa walikuta limebeba jina la kompyuta yake. Kesho Alhamisi, saa tatu kamili, angesimama mbele ya kikao cha nidhamu. Akishindwa kujieleza, kazi imekwisha, na baada ya kazi ingefuata mahakama.

"Ya kwanza ndiyo ya Gody," alisema Inspekta. "Ni nzuri, leseni yake hai. Lakini imezimwa. Haikuzimika yenyewe, kuna mtu aliizima kwa mkono Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi na nane asubuhi. Dakika mbili baadaye ikawekwa hii ya pili."

Akaibonyeza. Ikafunguka ngao ya bluu iliyopendeza, imeandikwa kwa herufi kubwa: UMELINDWA.

"Sasa hii imelindwa na nani?" aliuliza Konstebo Prudence Ngusa, aliyekuwa mlangoni na daftari.

"Na mwizi. Hii si antivairasi hata kidogo. Ni programu jasusi iliyovaa sare ya mlinzi. Kila dakika ishirini inapiga picha ya kioo na kuikusanya pamoja na faili ulizofungua, halafu inazituma kwa bwana wake. Mwalimu, ulipokuwa unatunga maswali, kuna mtu alikuwa anayasoma pamoja na wewe."

Nyangi alisogea kuitazama ile ngao ya bluu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya darasani hata akinong'ona.

"Jumamosi hiyo sikugusa kompyuta," alisema. "Tulikuwa na msiba. Mama mkwe alifariki Jumatano usiku. Jumamosi watu wamejaa hapa, Jumapili tukaenda kumzika Kiriba. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu."

"Na kompyuta?"

"Ilikuwa hapo hapo. Walikuwa wanachapa ratiba ya mazishi na wasifu wa marehemu. Mtu anakuja, anachomeka flashi, anarekebisha, anatoka. Mwingine anaingia. Msibani nani anamuuliza mtu?"

Inspekta alipumua polepole. Alikuwa ameshakutana na wadukuzi waliobuni nywila kwa siku arobaini, na wengine waliotuma barua za uongo zenye nembo za benki. Huyu alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, akasema pole, akapewa kiti. Hakuna antivairasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

"Nipe majina ya waliokaa kwenye kiti hiki."

"Siwezi."

"Huwakumbuki?"

"Baadhi nawakumbuka. Lakini siwezi, afande. Watu wale walikuja kunizikia. Nikikutajia kumi, mwizi ni mmoja. Wale tisa nitawaangaliaje? Siku nyingine nikifiwa, nani atakanyaga hapa?"

"Mwalimu, kesho saa tatu..."

"Najua kesho ni lini." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira. "Kazi yangu naipenda. Usifikiri siipendi. Lakini jina la mtu aliyekuja kunishika mkono halitatoka kwangu mimi, bila ushahidi."

Prudence alimtazama mkubwa wake akitegemea amkaripie. Inspekta hakukaripia. Alikuwa mtoto wa Tarime, na alijua kwamba mama huyu anasema lile ambalo mama yake mwenyewe angelisema. Akageukia kompyuta.

"Basi acha kompyuta iseme. Yenyewe haina haya."

Akafungua sehemu ambayo watu wengi hawajui kama ipo, panapoandikwa kila flashi iliyowahi kuchomekwa, na namba iliyopewa kiwandani. Jumamosi ile zilikuwa mbili tu. Moja ilichomekwa saa nne na dakika kumi na saba. Ya pili ilichomekwa saa sita na dakika tano mchana. Ile ya kwanza namba yake iliishia na 7K4. Prudence aliandika zote mbili, Inspekta akazisoma tena kwa sauti, wote wawili wakatia sahihi.

"Usimwambie mtu yeyote kwamba humu mna antivairasi mbili," Inspekta alimwambia Nyangi wakati wa kuaga. "Hata mumeo."

"Mume wangu yuko Kiriba kwenye matanga, na simu yake haina chaji tangu juzi."

"Vizuri sana. Iendelee kukosa chaji."

*

Steshenari ya Gody Clementi ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Gody, kijana mnene wa miaka thelathini hivi, alipowaona askari wawili wakiingia aliweka mikono yote juu ya meza, kama mtu ambaye ameshawahi kusingiziwa. Mtaani walikuwa wameshamhukumu. Fundi wa kompyuta, mwenye funguo za kompyuta ya mwalimu, angekuwa nani mwingine?

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Gody, nimekuja kuomba ushauri. Nina kompyuta nyumbani, Kigera. Mke wangu anachapia kazi za kanisa, watoto wanacheza gemu. Niweke antivairasi ipi?"

Gody alikodoa macho. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengine kabisa.

"Umenunua lini hiyo kompyuta?"

"Mwaka juzi."

"Basi usinunue kitu. Ile iliyokuja na kompyuta inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Iache iwe inajiapdeti, ndio hilo tu. Na programu yoyote ikikuambia izime antivairasi kwanza ndipo niingie, hiyo programu itupe."

"Lakini kwa Mwalimu Nyangi uliweka ya kulipia."

"Mwalimu anatungaga mitihani. Wewe unatungaga mitihani?"

Prudence aliinamia daftari ili asicheke. Inspekta alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwizi wa programu jasusi hapotezi nafasi ya kumwekea polisi kitu kwenye kompyuta yake ya nyumbani, na mwenye duka hapotezi nafasi ya kuuza. Gody alikuwa amezipoteza zote mbili kwa pumzi moja. Hata hivyo, uaminifu wa mtu si ushahidi.

"Wasifu wa marehemu bila shaka uliuchapisha wewe. Flashi uliyouchukulia iko wapi?"

Gody aliitoa kwenye droo. Inspekta aliichomeka kwenye kompyuta aliyokuja nayo, akalinganisha namba. Ilikuwa ile ya saa sita na dakika tano. Ndani mlikuwa na wasifu, ratiba na nyimbo za kwaya.

"Ulipofika kuuchukua wasifu, kompyuta ilikuwa na nani?"

"Hakukuwa na mtu saa hiyo. Ila asubuhi nilipita kuwaletea viti vya plastiki, nikamkuta Mwalimu Baltazar wa Bunda amekaa pale. Aliniambia anaweka picha ya Bibi kwenye wasifu. Na kweli nilipouchukua ulikuwa na picha, ile ya Bibi amevaa kitenge cha zambarau."

"Saa ngapi hiyo asubuhi?"

"Viti vinafikaga saa nne. Nne na robo, hivi."

Inspekta alimwomba aandike maelezo hayo na kuyatia sahihi. Gody aliandika kwa mwandiko mzuri, polepole, na alipomaliza aliuliza swali moja tu: kama sasa anaweza kuwaambia watu wa mtaa wanyamaze.

"Kesho saa nne," alisema Inspekta. "Leo vumilia."

*

Hakimu wa Musoma alisoma maelezo ya Gody mara mbili ndipo akatia sahihi hati ya upekuzi. Saa saba walikuwa barabarani. Prudence aliendesha, na walipopita njia panda ya Butiama uvumilivu ukamwishia.

"Afande, kwa nini tusimkamate moja kwa moja? Baltazar yumo kwenye kamati ya mitihani, ana kituo cha masomo ya ziada Bunda, maswali yalivuja Bunda. Na muda unalingana."

"Na kuweka picha ya marehemu kwenye wasifu ni kosa gani?"

"Si kosa."

"Flashi ya 7K4 atakuwa ameshaitupa. Kompyuta ya Nyangi itasema flashi fulani iliingia, haitasema mkono wa nani. Wakili wake atamaliza kesi kabla chai haijapoa. Nataka shahidi."

"Tutampata wapi?"

"Kwake." Inspekta aliegemea kiti. "Mtu anayejua kuwatengenezea wenzake ugonjwa huwa anajichanja mwenyewe chanjo iliyo bora. Nakuhakikishia, Prudence, nyumba ile ina antivairasi nzuri kuliko zote mkoa wa Mara."

Alisema hivyo kana kwamba ameshaiona. Prudence, aliyefanya naye kazi mwaka mzima, hakubisha.

*

Baltazar Mayala aliwapokea barazani kwake akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, mcheshi, mwenye sauti nzito. Sebuleni alikuwa ametundika picha tatu za wanafunzi wa kituo chake wakishika vyeti, na chini yake kompyuta ya mezani iliyong'aa haina vumbi. Soda zilikuwa mezani kabla hawajaketi.

"Kuhusu mtihani, afande, maelezo yangu nimeshayaandika."

"Nimeyasoma. Yamepangika sana. Leo sikuja kwa hayo." Inspekta alifungua soda yake bila haraka. "Nimeyaona yaliyomkuta Mwalimu Nyangi, nikaogopa. Mimi nami nina kompyuta nyumbani. Nimeambiwa hapa Bunda mtaalamu ni wewe. Niweke antivairasi ipi?"

Kuna watu ukiwauliza njia wanakuonyesha kwa kidole, na kuna wengine wanavaa viatu wakakusindikiza mpaka unakokwenda. Baltazar alikuwa wa kundi la pili. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaiwasha.

"Afande, umekuja penyewe. Watu wanachagua antivairasi kwa rangi, ndiyo shida. Kwanza uangalie kama inajisasisha kila siku. Virusi vya leo havikamatwi na orodha ya mwaka jana. Pili, ipekue flashi yenyewe pindi tu inapochomekwa, isisubiri uiambie. Tatu, itambue programu jasusi, si virusi tu. Nyingine hazitambuagi."

"Na za bure?"

"Ile iliyokuja na kompyuta haina neno. Lakini za kuokota okota mtandaoni usithubutu. Na usirundike. Ndipo alipokosea dada yetu Nyangi, kuweka mbili. Mbili zinagombana, mwishowe hakuna inayolinda."

Kalamu ya Prudence ilisimama. Inspekta alikunywa funda moja, akaiweka chupa chini taratibu.

"Kumbe," alisema. "Na wewe unatumia hii?"

"Miaka mitatu sasa. Haijaniangusha."

"Ikikamata kitu ambacho mimi mwenyewe nakitaka? Maana watoto wangu na gemu zao..."

"Rahisi. Unaingia hapa, karantini, panapofungiwa ilivyovikamata. Unakichagua, unabonyeza rudisha. Halafu unaiambia isikiguse tena." Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja, bila kutafuta. Karantini ilifunguka ikiwa tupu.

"Mbona hamna kitu?"

"Nafutaga. Mimi ni mtu wa usafi."

"Na hapa pembeni pameandikwa historia. Ni nini hiyo?"

Mkono wa Baltazar ulitulia juu ya kipanya.

"Hayo ni mambo ya kiufundi, afande. Hayana maana kwa mtu wa nyumbani."

"Mimi nayapenda sana mambo ya kiufundi," alisema Inspekta, na tabasamu lile likatoka. "Prudence, mpe mwalimu karatasi yake."

Prudence aliweka hati ya upekuzi juu ya meza. Baltazar aliisoma hadi kwenye muhuri, akairudia. Alisogeza kiti nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Inspekta hakukaa. Aliinama, akabonyeza neno lile mara moja, akaanza kusoma kwa sauti ili Prudence aandike.

"Alhamisi tarehe kumi na mbili Juni, saa kumi na dakika kumi na nne jioni. Programu jasusi imepatikana kwenye flashi. Imeondolewa. Saa kumi na dakika kumi na sita, mtumiaji ameirudisha. Saa kumi na dakika kumi na saba, mtumiaji ameagiza isiguswe tena." Akafungua sehemu ya flashi zilizowahi kuchomekwa, akapitisha kidole. "Na flashi yenyewe hii hapa. Namba inaishia na 7K4. Mwalimu, umechagua vizuri. Ilikuonya, ukaifukuza, na bado ikakuandikia kila kitu."

Baltazar alilamba midomo. "Flashi yangu anaitumia kila mtu. Wanafunzi wanaiazima."

"Wanafunzi ndio waliokwenda Nyasho Jumamosi saa nne na dakika kumi na saba?"

"Nilikwenda kumpa pole Nyangi. Niliweka picha ya mama yake mkwe. Muulize yeyote."

"Nimeuliza. Picha uliweka kweli, saa nne na dakika ishirini na tano. Kabla ya picha ulizima antivairasi ya Gody na kuweka ya kwako. Halafu umeniambia sasa hivi kwamba Nyangi alikosea kuweka mbili. Jambo hilo tunalijua watu watatu tu, na wawili wako hapa wanakunywa soda yako."

Baltazar aligeuka kuutazama mlango. Nje mtu alikuwa akiita mbuzi wake.

"Taarifa ya msiba ilitumwa kwenye kundi la simu la kamati yenu ya mitihani Alhamisi saa nane mchana," Inspekta aliendelea, na safari hii hakutabasamu. "Saa kumi ulikuwa unaandaa flashi. Muda wa saa mbili tu, mwalimu. Mama wa watu hajazikwa, na wewe ulishaona kwamba nyumba itakuwa wazi."

Baltazar alitazama picha zake ukutani. Alipozungumza, ile sauti nzito ilikuwa imepungua.

"Mwaka jana watoto wangu waliongoza wilaya nzima. Mwaka huu darasa ni bovu, afande. Bovu kabisa. Wazazi walikuwa wameanza kuniuliza. Nilitaka nione maswali tu, nijue pa kukazia. Sikujua kama watoto watayatuma."

"Na Nyangi uliposikia ameitwa kwenye kikao?"

"Nilidhani watamwonya tu."

"Ulidhani," alisema Prudence, na hilo ndilo neno pekee alilomwambia mpaka walipomfikisha kituoni.

Waliandika orodha ya vitu vilivyochukuliwa: kompyuta moja, flashi mbili, simu moja. Baltazar alitia sahihi kila mstari.

Inspekta alitoka barazani kumpigia Nyangi. Saa ilikuwa kumi kasoro. Alikuwa anaipenda simu ya namna hii kuliko cheo chochote, na aliizungumza kwa fahari, kwa mpangilio, kuanzia karantini mpaka kwenye historia. Kikao cha kesho kitapokea nakala ya kila kitu. Jina lake ni safi.

"Asante, afande," alisema Nyangi. "Mungu akubariki." Halafu akauliza alichokuwa anakiogopa. "Ni nani?"

"Baltazar Mayala."

Inspekta alingoja.

"Kule Kiriba," Nyangi alisema, "kaburi lilipokuwa tayari, shemeji yangu mmoja aliishiwa nguvu. Baltazar ndiye aliyeshika jeneza mahali pake. Nilimwona akilia, afande. Si uongo, alikuwa analia kweli."

"Nasikitika, mwalimu. Na nina ombi ambalo asubuhi ulishanikatalia. Anaweza akakana yote mbele ya kikao. Ningependa aliyekuwa mwenye msiba aseme kwa kinywa chake nani alikuja, alikaa wapi, na alipokelewaje. Sitakulazimisha."

Alimsikia akivuta pumzi, kisha kiti kikisogezwa.

"Yeye atakuwepo?"

"Nitamleta mwenyewe."

"Saa ngapi mnaanza?"

"Saa tatu kamili."

"Nitakuwa hapo saa mbili," alisema Nyangi. "Mpeni kiti cha mbele. Nataka nitaje jina lake nikiwa namwangalia."